Mbwa Mwoga na Mlezi Wake wa Muda

Mazungumzo kwa wakazi wa katikati ya jiji, Westlands na Dagoretti kuhusu kumtunza mbwa aliyeokolewa hadi apate mwenyewe



Mtu anayefika Marikiti alfajiri, wakati malori ya viazi na kabichi yanashusha mizigo, huwakuta mbwa wameshafika. Wanapita kando ya ukuta, vichwa chini, wakitafuta kilichomwagika. Wapo pia karibu na machinjio ya Dagoretti, kwenye majalala ya Kawangware na Kangemi, na nyuma ya bucha nyingi za Naivasha Road. Baadhi yao wana wenyewe, wanaowafungulia asubuhi wakajitafutie riziki na kurudi jioni kulinda ploti. Wengine walizaliwa mtaroni, na mkono wa binadamu wanaoujua ni ule unaorusha jiwe.

Mazungumzo haya hayawahusu wote hao. Yanamhusu mmoja mmoja: yule aliyegongwa na pikipiki akaokotwa na msamaria mwema, yule jike aliyetolewa mtaroni pamoja na watoto wake, yule aliyeachwa na mnyororo shingoni baada ya wenyewe kuhama. Anafikishwa kwenye makao ya wanyama akiwa hai, anatibiwa, anapona. Hapo ndipo shida ya pili inapoanza. Familia zinakuja kutafuta mbwa, naye amejikunja kwenye kona ya kizimba, uso ukutani, anatetemeka. Wanampita na kumchukua yule anayetikisa mkia. Wiki inayofuata ni vivyo hivyo. Vizimba ni vichache na mbwa wanaoletwa ni wengi, kwa hiyo asiyetakiwa na mtu hawezi kukaa pale milele. Makao yanapojaa, sindano ya mwisho humwangukia yeye kabla ya wengine.

Mbwa huyo si mgonjwa. Anaogopa. Na woga, tofauti na mguu uliovunjika, ni vigumu kupona ndani ya kizimba kilichozungukwa na mbwa wanaobweka usiku na mchana. Hupona kwa urahisi zaidi nyumbani, palipo na watu wachache, sauti zinazozoeleka na saa za chakula zisizobadilika. Mlezi wa muda ndiye anayetoa nyumba hiyo kwa wiki au miezi kadhaa, si kwa maisha yote. Wakati huo makao hubaki na nafasi ya kumpokea mbwa mwingine.

Huenda mtu akauliza hayo yanaihusu vipi serikali ya kaunti, ilhali barabara zina mashimo na taka zinangoja kuzolewa. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, na imetaja waziwazi utoaji wa leseni za mbwa pamoja na maeneo ya kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Huduma za mifugo nazo ni kazi ya kaunti. Juu ya hayo ipo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inayofanya kumpiga, kumtesa au kumnyima mnyama chakula kuwa kosa la jinai. Hata hivyo kazi yenyewe ya kuokota, kutibu na kutafutia mbwa makao imebebwa zaidi na mashirika ya hiari. Linalojulikana zaidi ni KSPCA, lililo Lang'ata Road upande wa Karen, ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1910, miaka 40 kabla Nairobi haijapewa hadhi ya jiji.

Kabla ya kuingia kwenye malezi, kuna jambo moja ambalo halina mzaha, nalo ni kichaa cha mbwa. Kisa cha kwanza kuthibitishwa nchini Kenya kilikuwa cha mbwa, hapa hapa viungani mwa Nairobi, mwaka 1912. Zaidi ya karne moja baadaye ugonjwa huo haujaisha. Mkakati wa kitaifa wa kuutokomeza ifikapo 2030 ulitumia makadirio ya vifo vya watu wapatao 2,000 kila mwaka nchini, wengi wao wakiwa watoto wa vijijini na mitaa ya mapato ya chini. Karibu visa vyote vya binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa. Dalili zikishatokea kwa mtu, tiba karibu haipo. Lakini kuuzuia ni rahisi: mbwa asilimia 70 wakichanjwa katika eneo, mwaka baada ya mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kusambaa.

Hili linamgusa mlezi wa muda kwa sababu mbwa aliyeokolewa hana historia. Hakuna anayejua aling'atwa na nani mwezi uliopita. Ugonjwa huweza kukaa mwilini wiki kadhaa au miezi kabla ya kujitokeza, na mojawapo ya sura zake hufanana na woga: mbwa anajificha gizani, anakwepa watu, anashtuka kwa kila kitu. Tofauti huonekana haraka kwa anayejua kutazama. Mbwa mwoga hula watu wakiondoka, hunywa maji, humeza vizuri, na siku zinavyokwenda hutulia. Mwenye kichaa hushindwa kumeza, hutokwa na mate mengi, sauti yake hubadilika, hulegea miguu au hung'ata vitu bila kuchokozwa, na hali yake huharibika ndani ya siku chache. Kwa hiyo mbwa asiingie nyumbani kwa mtu kabla ya kupimwa na daktari wa mifugo aliyesajiliwa, kuchanjwa, kupewa dawa ya minyoo na kuondolewa kupe na viroboto. Afungwe uzazi pia afya yake ikiruhusu. Nyaraka za chanjo zikabidhiwe mlezi.

Na mtu aking'atwa, hata kidogo, hata na mbwa aliyechanjwa? Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kwa saa na si kwa kukadiria, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo. Si pilipili, si mafuta ya taa, wala si kungoja mbwa afe kwanza. Mbwa naye asiuawe wala kufukuzwa. Atengwe na kuangaliwa kwa siku 10, kwa sababu akiwa mzima baada ya siku hizo, inajulikana kwamba hakuwa na virusi mateni alipong'ata. Kumpiga rungu akatupwa jalalani ni kuutupa ushahidi ambao daktari angeuhitaji.

Sasa woga wenyewe. Mbwa hujifunza dunia ilivyo akiwa mdogo mno, kati ya wiki ya 3 na takriban ya 14. Katika muda huo, watu, watoto, magari na milio anayokutana nayo kwa wema huwa mambo ya kawaida kwake. Asichokutana nacho, au anachokutana nacho kwa maumivu, kinaweza kumtisha maisha yake yote. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa chini ya kontena Kawangware, ambaye katika wiki hizo alijifunza kwamba watu hurusha mawe, hakuzaliwa na tabia mbaya. Amejifunza vizuri somo alilofundishwa.

Lakini mbwa wa mtaani siye pekee. Ndani ya kuta za Lavington, Loresho na Kileleshwa kuna mbwa wa mbegu ghali ambao hali yao si nafuu. Wanafungiwa kwenye kibanda nyuma ya nyumba mchana kutwa ili wawe wakali, na kufunguliwa usiku. Hawawajui watu wowote ila anayewarushia chakula kupitia wavu. Mwenye nyumba akihamishwa kikazi au akirudi kwao, mbwa kama huyo hana pa kwenda. Anaonekana mkali, lakini akitolewa nje ya kibanda, mkia unaingia katikati ya miguu.

Mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov, anayejulikana kwa mbwa waliotokwa na mate waliposikia ishara ya chakula, alikutana na jambo hili bila kulitafuta. Mwaka 1924 mafuriko makubwa yaliikumba Leningrad na maji yakaingia kwenye vizimba vya maabara yake. Mbwa waliokolewa vichwa vyao vikiwa karibu kabisa na dari. Maji yalipokwisha, baadhi ya mbwa hawakuwa wale wale. Masomo waliyoyajua yalikuwa yamepotea, na mmoja, miezi baadaye, alichanganyikiwa kwa kuona tu maji kidogo yakipenya chini ya mlango. Pavlov aligundua kwamba hofu moja kubwa inaweza kufuta mafunzo ya muda mrefu. Kazi yake hiyo hiyo ndiyo iliyowapa walezi wa leo dawa: mnyama akikutana na kitu kinachomtisha kwa kiasi kidogo mno, kisha kila mara kitu hicho kikafuatwa na chakula kizuri, hofu huanza kugeuka kuwa matarajio.

Tuchukue mfano. Mbwa dume wa kienyeji, rangi ya kahawia, umri kama miaka 2, ametoka makaoni baada ya kutibiwa jeraha la mguu. Tumwite Simba, maana Nairobi nzima mbwa ni Simba, Tiger au Bobby, na Simba huyu siku ya kwanza amejificha nyuma ya sinki la kufulia.

Siku 3 za mwanzo, kazi kubwa ya mlezi ni kutofanya kitu. Simba apewe pembe moja tulivu, kama stoo au chumba kisichopitwa na watu, penye blanketi, maji, na kitu cha kujificha ndani yake. Kreti kuukuu la mbao lililofunikwa shuka linatosha. Asivutwe kutoka hapo. Wageni wasiitwe kumwona. Asiogeshwe, hata kama ananuka, kwa kuwa kumshika kwa nguvu ndani ya karai siku ya kwanza ni kumthibitishia kila alichokiogopa. Huenda asile siku nzima. Akinywa maji na hana dalili za ugonjwa, aachwe ale usiku watu wakilala. Siku ya pili bila kula kabisa, daktari apigiwe simu.

Baadaye mlezi huingia, huketi sakafuni akiwa ameelekeza ubavu kwa mbwa, macho kwenye simu au gazeti. Hamkodolei macho, kwa sababu kwa mbwa kukodolewa macho ni kitisho. Hamwinamii. Hamnyooshei mkono juu ya kichwa, kosa ambalo karibu kila mtu mwenye huruma hulifanya. Anatupa kipande cha nyama au dagaa wa omena, tena anakitupa nyuma ya mbwa, si mbele yake. Hili huwashangaza wengi. Kikitupwa karibu na mtu, njaa inamvuta na hofu inamsukuma, naye anajikuta amesogea mahali ambapo hawezi kustahimili. Akishameza anashtuka, na mnyama aliyeshtuka karibu na mkono hung'ata. Kikitupwa mbali, Simba anakula akiwa salama, halafu anageuka mwenyewe kutazama kama kuna kingine. Kugeuka huko ndiko mlezi anakokungoja. Hatua inayotoka kwa mbwa mwenyewe ina thamani kuliko kumi alizovutwa.

Mbwa huzungumza muda wote, ila hazungumzi kwa mdomo. Kufyata mkia kila mtu anakujua. Wachache huona ulimi unaolamba pua bila chakula, miayo ya mbwa asiyekuwa na usingizi, weupe wa jicho unaojitokeza pembeni, mwili unaoganda ghafla kama sanamu. Hizo zote ni njia za kusema: imetosha, rudi nyuma. Zisiposikilizwa anangurumia. Hapa ndipo walezi wengi na hata baadhi ya wafunzaji wa mbwa jijini huharibu kila kitu, kwa kumchapa kwa sababu ya kunguruma. Mbwa aliyechapwa kwa kunguruma haachi kuogopa. Anaacha kuonya tu, na siku nyingine atang'ata bila taarifa. Ngurumo ni msaada kwa watu wa nyumbani. Ikisikika, mtu asogee nyuma, kisha ajiulize nini kilikuwa karibu mno.

Waliokwisha kulea mbwa wa aina hii hutumia kipimo cha siku 3, wiki 3 na miezi 3: siku 3 za kutulia, wiki 3 za kuijua ratiba ya nyumba, miezi 3 za kuanza kujisikia wa hapo. Si sheria. Wapo wanaolala kwenye miguu ya mlezi baada ya juma moja, na wapo ambao mwezi wa pili bado wanakula gizani. Shirika la ASPCA la Marekani, ambalo lina kituo maalumu cha mbwa waoga kupita kiasi, lilifuatilia zaidi ya mbwa 400 wa namna hiyo, wengi wao wakiwa wametoka katika kesi za ukatili na kurundikwa nyumbani. Zaidi ya asilimia 80 walifuzu na kuwa tayari kupewa wenyewe, kwa kawaida baada ya takriban miezi 3 ya mazoezi ya kila siku. Walifanyiwa kazi hiyo na watu waliosomea, mahali palipojengwa kwa shughuli hiyo. Nyumba ya Uthiru au Mountain View haina vifaa hivyo, lakini ina jambo ambalo kituo hakina: maisha ya kawaida, sufuria zinazogongana, redio, mvua juu ya mabati.

Mbwa mwingine mtulivu nyumbani husaidia kuliko mlezi yeyote. Mwoga humtazama mwenzake akimsogelea mtu, akipapaswa, akipewa kipande, kisha akiondoka mzima. Baada ya siku kadhaa anaanza kumfuata kwa nyuma. Mbwa huyo wa nyumbani awe amechanjwa na awe mpole, na wote wawili wale mbali na mwenzake.

Nyumba za Nairobi zina watu ambao vitabu vya kigeni havikuwafikiria. Kuna msaidizi wa nyumbani, ambaye mara nyingi ndiye anayeshinda na mbwa mchana, na mara nyingi hakuulizwa kama anataka. Ikiwa anaogopa mbwa, ni haki yake, na mpango usianze. Ikiwa yuko radhi, aelezwe yote kama mlezi mwenzake, si kuambiwa tu "umpe chakula saa sita". Kuna mlinzi wa getini, mwenye buti, rungu na tochi, ambaye kwa Simba anafanana na kila adui aliyewahi kumjua. Mlinzi huyo akipewa kijikopo cha vipande vya nyama, awe anavitupa kila anapopita bila kusimama, ndani ya wiki chache anaweza kuwa rafiki mkubwa wa mbwa. Kuna keateka na mwenye ploti, ambao ruhusa yao itafutwe kabla, si baada ya majirani kulalamika. Na kuna majirani ambao kwa sababu ya dini yao hawapendi kuguswa na mbwa. Kuwaheshimu ni kumfunga kamba mbwa kila anapopita ngazini au uani, na kusafisha uchafu wake papo hapo.

Watoto ni suala peke yao. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5 haifai kumpokea mbwa mwoga, hata mzazi awe na upendo kiasi gani. Mtoto mdogo hukimbia, hupiga kelele, hukumbatia shingo, na uso wake uko sawasawa na meno ya mbwa. Watoto wakubwa wanaweza kusaidia, na baadhi yao ni wazuri kuliko watu wazima kwa sababu wana muda. Wafundishwe sheria mbili. Mbwa aliye kwenye kona yake hasumbuliwi, na anayekula hasogelewi.

Chakula hakihitaji pesa nyingi. Ugali uliochanganywa na matumbo, omena waliochemshwa bila chumvi nyingi, au mabaki ya nyama kutoka bucha yaliyopikwa vizuri yanamtosha mbwa mzima wa kienyeji, mradi protini isikosekane. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, kwani huvunjika kama sindano na kutoboa utumbo. Kitunguu na chokoleti ni sumu kwake. Vile vipande vitamu vya mazoezi visiwe chakula chake cha kawaida, bali kitu anachokipata pale tu jambo la kutisha linapotokea. Baiskeli inapita nje, kipande. Jirani anafungua geti, kipande. Baiskeli ije kwanza, kipande kifuate. Utaratibu ukigeuzwa, mbwa anajifunza kwamba nyama ni dalili ya baya linalokuja, na ataanza kuikataa.

Geti nalo ni adui. Mbwa mwoga akitoroka hakimbilii nyumbani, kwa sababu hana nyumba anayoijua. Anakimbia tu, na kutoka mitaa mingi ya magharibi mwa jiji hadi Waiyaki Way au Ngong Road ni mwendo wa dakika chache. Wengi wa wanaopotea hupotea katika wiki 2 za kwanza, geti lilipofunguliwa kwa ajili ya gari. Kwa hiyo Simba atolewe uani akiwa kwenye kamba, hata kama ua una ukuta. Avae mkanda wa shingoni wenye namba ya simu ya mlezi pamoja na mkanda wa kifuani, na kamba ifungwe kwenye yote miwili, maana mbwa anayerudi nyuma kwa hofu huchomoka kwenye mkanda mmoja mara moja. Akipotea, asifukuzwe wala asiitwe kwa kelele. Chakula na blanketi lake viwekwe alipoonekana mara ya mwisho, majirani na bodaboda wa steji waambiwe wasimkimbize, na makao yapigiwe simu.

Kumtembeza barabarani kusiharakishwe. Kwanza uani, kisha nje ya geti kwa dakika 2 saa kumi na mbili asubuhi kabla matatu hazijaanza kushindana kwa honi, kisha mtaa mmoja. Wiki za baadaye, akiweza kupita karibu na watu bila kuganda, anaweza kupelekwa mahali penye nafasi. Msitu wa Karura, kwa mfano, huruhusu mbwa walio kwenye kamba. Kumpeleka Simba katikati ya jiji, Moi Avenue au kituo cha mabasi, ati azoee kwa lazima, ni kama kumfundisha mtu asiyejua kuogelea kwa kumtupa Tana. Baadhi ya mbwa hunyamaza wanapofanyiwa hivyo na mwenyewe hudhani wamezoea. Wamekata tamaa tu.

Fataki zipangiwe mapema. Wakati wa Diwali, kati ya Oktoba na Novemba, Parklands na Westlands hulipuka usiku kucha, kisha mkesha wa Mwaka Mpya jiji zima. Mbwa awe ndani kabla ya magharibi, madirisha na mapazia yafungwe, redio iwe juu kidogo. Akitaka kujibana karibu na mtu, aachwe. Yapo maneno ya zamani kwamba kumliwaza mbwa anayeogopa ni kumfundisha uoga. Si kweli. Hofu si ujanja wa kutafuta tuzo. Kwa mbwa anayejiumiza kwa hofu, daktari wa mifugo anaweza kuandika dawa. Zile za binadamu zisijaribiwe.

Hatua inayoleta maumivu zaidi ni kumpata mwenyewe. Watu wengi wanaoulizia mbwa Nairobi wanataka ulinzi. Si kosa, wizi upo. Ila mbwa mwoga siye jibu, na mlezi anapaswa kulisema hilo hata kama anatamani sana mbwa achukuliwe. Hofu hailindi nyumba. Mbwa huyo atajificha mwizi akija, na atamng'ata mtoto wa jirani aliyeokota mpira. Akifungwa mnyororo mchana ili "awe mkali", miezi 3 ya kazi inapotea ndani ya juma moja. Anayemfaa ni mtu mtulivu, mwenye ua uliozibwa vizuri au subira ya kamba, asiyebadilisha wageni kila wikendi, na atakayekubali kutembelewa kabla ya kukabidhiwa. Mbwa naye amtembelee mara 2 au 3 kabla ya kuhamia. Na pawe na maandishi kwamba ikishindikana, mbwa anarudi kwa mlezi au kwenye makao. Asipelekwe sokoni wala kuachwa njiani.

Wapo watakaoshindwa kumwachia, wakamchukua wenyewe. Si aibu, ingawa nafasi ya ulezi inazibika na mbwa anayefuata anakosa. Wapo pia mbwa ambao hawapati nafuu. Baada ya miezi ya kazi ya kweli, bado wanajijeruhi kwenye wavu au wanang'ata bila mtu kuelewa kwa nini. Uamuzi juu ya mbwa kama hao ufanywe na daktari wa mifugo pamoja na shirika lililomtoa. Usiachwe kwa mlezi peke yake, saa nne usiku, akiwa amechoka na mkono umefungwa bendeji.

Anayetaka kuwa mlezi anaweza kuanza kwa kuzungumza na KSPCA au shirika jingine lililosajiliwa karibu naye, na kwa masuala ya chanjo na leseni aende kwa afisa wa mifugo katika ofisi ya kaunti ndogo yake. Kila mwaka, Septemba 28, dunia huadhimisha siku ya kupambana na kichaa cha mbwa, na karibu na tarehe hiyo mara nyingi huwa na kampeni za chanjo. Anayemfuga mbwa wa ploti, hata yule anayefunguliwa asubuhi, ampeleke.

Siku Simba akiondoka, mlezi aandike karatasi moja kwa lugha nyepesi: anakula nini na saa ngapi, anaogopa nini bado, ufagio, kofia, wanaume wenye buti, ameshazoea nini, na neno gani huitwa nalo. Ampe mwenyewe mpya namba ya simu na kukubali kupigiwa usiku wa kwanza, kwa sababu atapigiwa. Na lile blanketi liende naye bila kufuliwa.